Barua ya Bwana Shamba: Dar es Salaam hadi Kigoma ni Saa Ngapi?

Ndugu msomaji,

Natumaini mihogo yako inaendelea vizuri, na kwamba umekwisha palilia. Leo sitazungumza juu ya mihogo. Leo tutazungumza juu ya safari, umbali na saa. Utauliza: Bwana Shamba ana habari gani na safari? Soma mpaka mwisho. Utaona kwamba mkulima asiyejua kuhesabu saa za safari anaweza kupata hasara kubwa. Na anayemshauri mkulima anaweza kumtia hasarani. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo.

Umbali ni nini?

Umbali ni urefu wa njia kutoka mahali hadi mahali. Tunaupima kwa kilometa. Lakini kumbuka jambo moja. Miji miwili inaweza kuwa na umbali zaidi ya mmoja. Inategemea unapita njia gani.

Chukua ramani ya Tanzania ukutani katika darasa lenu. Weka kidole kwenye Dar es Salaam, upande wa mashariki, penye bahari. Weka kidole kingine kwenye Kigoma, upande wa magharibi, penye Ziwa Tanganyika. Vuta uzi kutoka kidole kimoja hadi kingine. Uzi huo ulionyooka ndio njia ya ndege. Urefu wake ni kama kilometa 1,080.

Sasa fuata reli kwa kidole. Reli inatoka Dar es Salaam, inapita Morogoro, Dodoma na Tabora, kisha inafika Kigoma. Reli hainyooki kama uzi. Inapinda kufuata mabonde na kukwepa milima. Kwa hiyo urefu wake ni kama kilometa 1,250. Ndege haipandi mlima wala haizunguki mto. Ndiyo maana njia yake ni fupi kuliko reli.

Wazee walikwenda kwa miguu

Zamani safari hii ilikuwa ya miguu. Misafara ilitoka Bagamoyo na miji mingine ya pwani, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Wapagazi walibeba mizigo mabegani na vichwani. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi.

Wazungu wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi Juni mwaka 1857. Walifika Ujiji mwezi Februari mwaka 1858. Hiyo ni karibu miezi minane. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi mwaka 1871, akimtafuta Livingstone. Alimkuta Ujiji baada ya miezi zaidi ya saba. Mahali walipokutana pana mnara hadi leo.

Je, kwa nini walichukua muda mrefu hivyo? Tufanye hesabu. Mtu anayetembea vizuri huenda kilometa 5 kwa saa moja. Gawanya kilometa 1,080 kwa 5. Utapata saa 216. Akitembea saa 8 kila siku, atamaliza kwa siku 27. Hata mwezi haujaisha!

Lakini Burton na Stanley hawakufika kwa siku 27. Njia haikunyooka. Waliugua homa. Walingoja wapagazi na chakula. Stanley alikuta vita vya Mirambo karibu na Tabora, ikabidi azunguke mbali kusini. Kwa hiyo muda mwingi wa safari yao haukuwa wa kutembea. Ulikuwa wa kungoja, kuugua na kuzunguka.

Shika neno hilo, ndugu msomaji: *kungoja*. Tutalihitaji mbele.

Reli ikaja

Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa Wajerumani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ndiyo sababu Kigoma tunaiita mwisho wa reli.

Hata meli yetu ya Liemba ilikuja kwa njia hiyo. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa Dar es Salaam, kisha ikaletwa Kigoma kuunganishwa upya. Iliingizwa majini mwaka 1915. Masanduku yale yalingoja miezi mingi njiani. Chuma kinaweza kungoja.

Treni inachukua muda gani? Tuseme inakwenda kilometa 35 kwa saa kwa wastani, pamoja na kusimama stesheni. Gawanya 1,250 kwa 35. Utapata karibu saa 36, yaani siku moja na nusu. Na mara nyingi huzidi hapo. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Sisi wa mwisho wa reli tunangoja zamu yetu.

Ndege inaruka saa ngapi?

Kanuni ni ile ile. Gawanya umbali kwa mwendo. Ndege ya mapangaboi tuipe mwendo wa wastani wa kilometa 540 kwa saa. Hapo 1,080 kwa 540 ni saa 2. Ndege ya jeti huenda kasi zaidi. Ikienda kilometa 800 kwa saa, itachukua saa 1 na dakika 21. Ongeza dakika za kupanda angani na za kushuka. Ikitua Tabora njiani, ongeza tena. Ukisema saa 2 hadi saa 3 hujakosea.

Safari ya Stanley ya miezi saba sasa ni ya saa mbili. Ni jambo la ajabu. Nami ajabu hiyo ndiyo iliyonipoteza.

Kosa langu

Miaka michache iliyopita, kikundi cha akina mama katika kijiji kimoja cha pwani ya ziwa, kusini ya Ujiji, walitaka kufuga kuku. Walikuwa wameweka akiba kwa kuuza dagaa na mawese. Akiba ya miezi minane. Walitaka vifaranga 200 wa siku moja kutoka kwa mtotoleshaji mmoja wa Dar es Salaam.

Mama mwenyekiti alinijia ofisini. Akauliza, "Bwana Shamba, vifaranga watafika wazima? Dar es Salaam ni mbali."

Nikacheka. Nikamjibu, "Mama, kwa ndege ni saa mbili tu. Hawatajua hata kama wamesafiri."

Akaamini. Mimi ni Bwana Shamba, nimesoma chuo, nina cheti. Kwa nini asiamini?

Kabla ya kuendelea, nikueleze jambo juu ya kifaranga. Kabla hajatoka katika yai, kifaranga huvuta kiini kilichobaki na kukiingiza tumboni. Hicho ndicho chakula chake cha kwanza. Kinaweza kumweka hai bila kula kwa muda wa saa 72, yaani siku tatu, lakini hiyo ni kwa shida. Kila saa inayopita bila maji anazidi kukauka na kudhoofika. Ni vizuri apate maji na chakula mapema, kabla ya siku mbili kwisha.

Jambo la pili. Mayai katika mashine hayaanguliwi yote kwa dakika moja. Wengine hutangulia, wengine hufuata. Mtotoleshaji hungoja wengi watoke na kukauka, ndipo afungue mashine. Kwa hiyo yule anayeitwa kifaranga wa siku moja, huenda siku yake imekwisha anza zamani kabla hajatiwa katika boksi.

Haya yote niliyajua. Nilifundishwa chuoni. Lakini sikuyaweka katika hesabu.

Sasa soma pamoja nami jinsi safari ilivyokwenda. Nimeiandika baadaye, kwa kuuliza kila mtu aliyeshika yale maboksi.

1. Vifaranga wa kwanza walianguliwa Jumatatu saa 6 mchana. Mashine ilifunguliwa Jumanne saa 12 asubuhi. Saa 18.
2. Kuchagua, kuhesabu, kuchanja na kufunga katika maboksi. Saa 6.
3. Barabarani hadi uwanja wa ndege na kukabidhi mzigo. Saa 3. Ikawa saa 9 alasiri.
4. Ndege ya Kigoma ilikuwa imekwisha ondoka asubuhi. Maboksi yakalala hadi Jumatano saa 3 asubuhi. Saa 18.
5. Kuruka, pamoja na kutua Tabora. Saa 3.
6. Kushusha mzigo na kuupokea Kigoma. Saa 2.
7. Gari hadi mwaloni Ujiji. Saa 1.
8. Kungoja boti, maana boti ya kusini iliondoka jioni. Saa 3.
9. Majini hadi kijijini. Saa 7.

Jumlisha: 18 na 6 na 3 na 18 na 3 na 2 na 1 na 3 na 7. Jibu ni saa 61.

Boti ilifika saa 7 usiku. Akina mama walikuwa wamengoja tangu Jumanne jioni, kwa sababu niliwaambia saa mbili. Walikuwa wamewasha mkaa Jumanne, ukazimika. Jumatano wakadhani vifaranga hawaji tena, wakalala. Maji ya vuguvugu na joto vilikuwa tayari saa 12 asubuhi. Ongeza saa 5. Jumla ni saa 66.

Walipofungua maboksi, vifaranga 61 walikuwa wamekufa. Wengine walikuwa wamelala ubavu, macho yamefumba. Waliendelea kufa siku tatu. Mwisho wa juma walibaki 88 kati ya 200.

Nilifika kijijini Ijumaa. Mama mwenyekiti hakunigombeza. Alinipa kiti, akaniletea maji. Kisha akasema, "Bwana Shamba, ulituambia saa mbili."

Sikuwa na jibu. Ndege haikuchelewa. Mtotoleshaji hakudanganya. Boti iliondoka kwa saa yake. Kosa lilikuwa langu. Niliuliza ndege *inaruka* saa ngapi. Sikuuliza ndege *inaondoka* saa ngapi. Na katika saa 66, saa za kuruka zilikuwa 3 tu.

Hesabu kutoka mwisho

Baada ya mavuno yaliyofuata, akina mama walitaka kujaribu tena. Mimi nilidhani hawatanitaka. Lakini mama mwenyekiti alisema, "Aliyepotea njia jana, leo anajua mahali pa kukunja." Tukakaa chini ya mwembe na daftari. Safari hii hatukuanza na ndege. Tulianza na maji.

Tuliuliza: kifaranga anapata maji wapi? Mmoja wa akina mama akasema ana dada yake Ujiji, mwenye chumba cha uani. Basi tukakata shauri. Vifaranga watalelewa Ujiji majuma mawili ya kwanza, kisha ndipo wapande boti, wakiwa wanakula na kunywa. Kwa uamuzi huo tuliondoa katika hesabu saa za kungoja boti na saa za majini.

Kisha tukauliza: ndege inatoka Dar es Salaam saa ngapi? Saa 3 asubuhi. Basi maboksi lazima yawe uwanjani alfajiri ya siku hiyo hiyo, si jana yake. Tukapiga simu kwa watotoleshaji wawili. Tukamchagua anayefungua mashine jioni.

Safari ya pili ilikuwa hivi:

1. Kutoka kuanguliwa kwa wa kwanza, Jumatatu saa 6 usiku, hadi kufungua mashine, Jumanne saa 12 jioni. Saa 18.
2. Kuchagua, kuchanja na kufunga. Saa 6.
3. Kusafirisha na kufika uwanjani, Jumatano saa 11 alfajiri. Saa 5.
4. Kukabidhi na kungoja ndege. Saa 4.
5. Kuruka. Saa 3.
6. Kupokea Kigoma. Saa 1.
7. Gari hadi Ujiji. Nusu saa.

Jumla ni saa 37 na nusu. Kuruka ni saa 3 zile zile. Ndege haikuongeza kasi. Tulichopunguza ni kungoja.

Walinunua vifaranga 100 tu, kwa uangalifu. Dada wa Ujiji alikuwa amewasha jiko la mkaa tangu asubuhi, chumba kina joto na hewa inapita. Maji yenye sukari kidogo yalikuwa tayari. Kila kifaranga alichovywa mdomo majini kabla ya kuachiwa. Chakula walipewa baadaye, walipokwisha kunywa. Walikufa 4. Waliobaki 96 walipanda boti baada ya majuma mawili, wakipiga kelele njia nzima.

Jua la Dar es Salaam na jua la Kigoma

Jambo jingine dogo, lakini lilituchanganya. Ndugu wa Dar es Salaam alitupigia simu akisema, "Nitapeleka maboksi jua likichomoza." Jua lipi?

Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Kwa hiyo mji ulio mashariki hupata jua kwanza. Jua linapochomoza Dar es Salaam, Kigoma bado ni giza. Sisi huliona kama dakika 38 baadaye. Na jioni, Dar es Salaam wakiwa wamewasha taa, sisi bado tunaliona jua likishuka juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Lakini saa za ukutani ni moja nchi nzima. Kwa hiyo usipange safari kwa jua. Panga kwa saa, uiandike.

Mambo ya kukumbuka

Ndugu msomaji, hesabu hii si ya vifaranga peke yao. Ni ya migebuka iliyowekwa katika barafu. Ni ya chanjo inayotaka ubaridi. Ni ya mgonjwa anayepelekwa hospitali kubwa. Ni ya kijana anayeitwa kwenye usaili. Ukiambiwa "ni saa mbili tu", uliza mambo haya:

Kwanza, safari inaanza lini hasa? Mgonjwa huanza safari anapotoka kitandani kwake, si ndege inapoondoka. Barafu huanza kuyeyuka inapowekwa sandukuni.

Pili, chombo kinaondoka saa ngapi, na siku zipi? Ndege ya haraka isiyoondoka leo haikufai leo.

Tatu, wapi nitangoja, na kwa muda gani? Andika kila mahali pa kungoja.

Nne, nikishuka, nani atanipokea? Ana simu? Ana maji, moto au gari tayari?

Tano, ikichelewa siku moja, nitafanya nini? Kama huna jibu, safari bado haijapangwa.

Na ukiambiwa jambo na mtaalamu, muulize tena. Mwambie akuandikie hesabu. Hata akiwa ni mimi. Kuuliza si ujinga.

Zoezi la darasani

1. Kutoka nyumbani kwako hadi uwanja wa ndege wa Kigoma ni mwendo wa saa ngapi? Andika kila chombo na kila kungoja.

2. Ndege inakwenda kilometa 600 kwa saa. Itachukua muda gani kuruka kilometa 1,080? (Jibu: saa 1 na dakika 48.)

3. Samaki katika barafu watakaa salama saa 24. Boti inachukua saa 7, kungoja ndege saa 10, kuruka saa 3, na soko la Dar es Salaam liko saa 2 kutoka uwanjani. Je, watafika salama? Zimebaki saa ngapi? Je, ndege ikichelewa saa 3, itakuwaje?

Jadilianeni swali la mwisho. Msitazame saa za kuruka peke yake.

Sasa hivi kikundi kile kinauza mayai kwa wavuvi wanaorudi asubuhi. Nikipita kijijini watoto huniita "Bwana Saa Mbili." Nacheka nao. Jina hilo nimelistahili.

Kazi njema. Tuonane mwezi ujao, tutarudi kwenye mihogo.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu